Betri za Zahanati na Gari Lisilonguruma

Mpendwa Mama Kokuberwa,

Shikamoo mama. Naomba msaada wako, na naomba pia usinicheke kabla hujafika mwisho, maana najua wanaokuandikia wengi ni watu wenye ugomvi wa ndoa na mawifi, na mimi ndoa yangu haina neno, tatizo langu ni mota, ila nimesikia ulifundisha fizikia miaka mingi huko sekondari kabla hujaingia gazetini, na hapa Mkolani sina mwingine wa kumuuliza ambaye hatayafikisha maneno yangu sokoni kabla sijamaliza kuuliza.

Mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na mitatu, mke wangu ni Tereza, tuna watoto watano, na kwa miaka kumi na mmoja nilikuwa dereva wa folklifti kwenye ghala la kiwanda cha nguo, tena si folklifti ya dizeli, ilikuwa ya betri, unakanyaga inakwenda, haina moshi wala kelele, na siku kiwanda kilipouzwa tukaambiwa turudi nyumbani tukasubiri barua, wenzangu walililia mishahara, mimi nilililia ile mashine, sioni aibu kusema. Barua haikuja mpaka leo. Nikafungua kibanda cha kuchaji betri kando ya barabara, kwa sababu nguzo za umeme zinaishia kwangu na watu wa huko nyuma kwenye mawe wana redio na wengine tayari wana televisheni, wanaziwasha kwa betri ya gari, ikiisha wanamletea fundi, na fundi ndiye mimi. Kila betri ina alama ya mwenyewe kwa rangi, huyu mstari mwekundu, yule nukta mbili nyeupe, sawasawa na ng'ombe, na kwa miaka mitatu sikuwahi kumrudishia mtu betri isiyo yake.

Sasa mama, nilikuwa na Datsun pikapu niliyoachiwa na marehemu baba mdogo, injini imekufa, kuku wanatagia ndani, na petroli ndiyo hiyo inapanda bei kila tunapoamka, na tangu milango ya biashara ifunguliwe kila mwenye ndugu Dubai anaingiza gari lake, nami sina ndugu Dubai, nikasema kama folklifti ilibeba marobota ya vitambaa bila petroli, kwa nini Datsun isibebe mihogo. Nikatoa injini, nikaacha giaboksi, nikatafuta stata mbili za lori nikazifunga kwa mnyororo, na betri nne nikazipata kuukuu kwa mafundi wa mabasi Nyegezi, kubwa, nzito, mtu mmoja anainua kwa kuomba Mungu. Gari likaenda! Lilikwenda, mama, Tereza alipiga vigelegele mpaka majirani wakadhani tumepata mjukuu, lakini siku ya tatu zile betri zikawa hazina kitu, nazichaji siku nzima, nikizifunga zinanisogeza mpaka jalalani tu, zinakata.

Hapo ndipo nilipofanya jambo moja ambalo nalieleza ili upate picha kamili ya mtambo. Ng'ambo ya ghuba kuna zahanati, kijiji sikitaji, hawana umeme, wana betri nne walizopewa na wafadhili, si za gari, ni zile za sola zenye plati nene, na sola yenyewe iliibwa, kwa hiyo kila Ijumaa nesi wao anavusha mbili kwa kivuko kuniletea nichaji, na anaondoka na mbili zilizojaa. Zinawasha taa ya chumba cha kujifungulia na redio ya upepo ya kuita boti ya wagonjwa. Nesi anaitwa Bernadetta, mtu mpole, mimi ananiita kaka fundi. Nikafunga zake mbili kwenye Datsun siku moja tu nione, halafu nichaji nirudishe, na sikudanganyi, tofauti ilikuwa kama usiku na mchana, hazichoki, zinavuta mpaka mwisho, na Ijumaa ikafika roho yangu bado haijatosheka, basi nikachukua mbili za basi, nikazipaka rangi ya kijani kama zake, nikaandika na ile namba ya zahanati ubavuni, nikampa. Ijumaa iliyofuata nikampa nyingine mbili. Akashukuru, akapanda kivuko.

Jumapili ile baada ya misa nilikwenda na gari mpaka Nyegezi. Stata zilikuwa zinachemka, basi kila zikichemka nashuka, nasalimia watu, nauliza habari za mifugo na za wagonjwa, mpaka zipoe, kisha napanda, nilishuka mara saba na hakuna aliyegundua. Watu walikuwa wanainama kutazama chini ya gari, wanauliza, "Injini iko wapi?" nami najibu, "Injini ni akili." Wapiga debe wa stendi wamenipa jina ambalo silitaji ili nisijulikane, na mama, tangu kiwanda kifungwe hakuna aliyekuwa ananiita kwa jina lolote isipokuwa huyo wa betri.

Swali langu ni hili. Stata hazifai, nimekubali, zinaungua. Shemeji yangu Josephat wa Pasiansi ana mota ya mashine ya kusaga, hospawa ishirini, ameiweka kando kwa sababu ya mgao wa umeme amehamia dizeli, ananipa bure. Na upande wa pili, mota ya ile ile folklifti yangu bado ipo kwenye ghala, betri zake wavuvi walishaziyeyusha risasi yake kutengeneza vizito vya nyavu, lakini mota ipo, mlinzi yuko tayari kuniunganisha na anayeuza vyuma, ila ni ndogo, hospawa zake hazifiki hata kumi. Ndugu zangu wote wanasema chukua kubwa, tena ya bure. Wewe unasemaje?

Jambo la pili ni dogo ila linaninyima usingizi. Wiki tatu zilizopita Bernadetta alikuja na betri zile za kijani, akaziweka chini, akakaa juu ya ndoo. "Kaka fundi, samahani sana," akasema, "nadhani tunazitumia vibaya. Juzi jioni nilikuwa na mzazi anavuja damu, naita boti, redio ikakata katikati ya maneno, sijui hata kama walisikia jina la kijiji. Taa nayo ikafifia. Nimeshona tochi iko mdomoni." Nikamuuliza, mzazi vipi. Akasema, "Wamepona wote wawili, wavuvi wa dagaa ndio waliowavusha. Hebu nifundishe namna ya kuzitunza, pengine kuna mahali nakosea." Nami nikamfundisha. Nikamwambia aongeze maji ya betri na asiwashe taa muda mrefu. Tereza alikuwa amesimama mlangoni, akangoja nesi aondoke, akaniuliza, "Baba Shimba, hizo za kijani zilizoko kwenye gari ni za nani?" Nikasema ni zangu. Akasema, "Haya." Tangu siku hiyo hapandi gari, anasema miguu yake inamtosha.

Wiki hii akaja mzee Machibya, mwenyekiti wa kamati ya zahanati, amevuka makusudi kuniona. "Fundi, huyu nesi watu wanasema betri anazipeleka nyumbani kwake, anaangalia televisheni. Antena iko juu ya paa lake, tumeiona kwa macho. Wewe ndo mtaalamu. Tuandikie barua, betri zinakufa kwa nini. Jumamosi ijayo tunakaa, tukiona kosa ni la kwake tunamrudisha wilayani na barua yake mbaya, akatafute kazi nyingine." Ile antena aliiacha nesi wa zamani, Bernadetta televisheni hana, alishaniambia. Lakini sikusema kitu, nilimwambia mzee nitaandika.

Basi naomba pamoja na jibu la mota uniambie niandikeje barua hiyo, nisiseme uongo lakini pia nisijiharibie, kwa mfano nikiandika kwamba betri huchoka zenyewe, huo si uongo, betri zote huchoka, na kibanda changu ndicho kinacholisha watoto watano, watu wakisikia hili hakuna atakayeniachia betri tena, na sungusungu wa kwetu unawajua wanavyowafanya wezi. Na ujue nia yangu ni njema, gari likikamilika nitakuwa nabeba wajawazito bure mpaka hospitali. Jibu kabla ya Jumamosi. Jina langu tafadhali lifiche.

Ni mimi fundi wa betri, Mkolani.

MAMA KOKUBERWA ANAJIBU

Marahaba, fundi. Nimefika mwisho kama ulivyoomba, na nilicheka mara moja tu, pale uliposhuka mara saba kuuliza habari za mifugo ya watu ili stata zipoe. Nimefundisha miaka ishirini na miwili, nimeona wanafunzi wakificha makosa yao kwa kila njia, lakini kwa salamu, hapana, hiyo ni mpya. Kicheko kiliishia hapo.

Nitaanza na mota, kwa kuwa ndiyo uliyouliza, na ili usije ukasema kibandani kwako kwamba yule mama alikwepa swali kwa sababu halijui. Mimi ni Mhaya, kujua kitu na kusema kwamba nakijua kwetu ni jambo moja. Mota ya shemeji yako itupe. Mwache nayo huko Pasiansi, aifungie mbuzi. Mota ya mashine ya kusaga inakula umeme wa nguzo, ule wa nyaya tatu unaokwenda na kurudi mara hamsini kwa sekunde. Betri inatoa umeme wa kwenda tu. Ukiifunga mota ile kwenye betri itanguruma kidogo, itapata moto, itanuka, na haitazunguka hata nusu, hata ikiwa na hospawa mia. Ndugu zako wanaosema chukua kubwa ndio hao hao wanaonunua viatu namba kumi kwa mguu wa namba saba kwa sababu bei ni moja.

Mota ya folklifti ndiyo inayofaa. Ilitengenezwa kwa betri, ina nguvu pale pale inapoanza kuzunguka, na hizo hospawa chache unazozidharau inaweza kuzitoa mchana kutwa bila wewe kushuka kusalimia mtu. Ikague makaa yake, vile vipande vya kaboni vinavyopitisha umeme, kama hayajaisha, ipulize vumbi la pamba, itumie. Ulikuwa unajua. Miaka kumi na mmoja umeikalia. Uliniandikia ili nikwambie kitu unachokijua, na kuna sababu, tutafika.

Sasa betri. Hapa nimeshangaa, maana umejaza kurasa kuhusu mota mbili, lakini betri hukuuliza. Mtu anayetengeneza gari la umeme swali lake la kwanza huwa ni betri. Wewe hukuuliza kwa sababu ulishachagua, na ulichagua vizuri sana, nakupa alama zote. Betri ya basi ina plati nyembamba nyingi, kazi yake ni kuwasha injini kwa kishindo cha sekunde chache kisha ipumzike ikichajiwa. Ukiikamua mpaka chini mara tatu au nne, imekufa, na ndivyo zilivyokufia wewe. Betri ya plati nene inavumilia kukamuliwa. Hayo uliyagundua mwenyewe, bila shule, na ningekuwa mwalimu wako ningejivunia, ila katika nchi nzima hii betri za kufanyia jaribio lako ukaona zile tu zilizo mikononi mwa mkunga.

Na umepata nini kwa hizo nne? Nimekufanyia hesabu upande wa nyuma wa barua yako. Kama ni za kawaida, yaani volti kumi na mbili na saa mia za ampea kila moja, ukizitumia nusu tu ili zisife, pikapu yako itakwenda kilomita kumi, kumi na mbili kama upepo uko nyuma yako. Yaani kutoka Mkolani utafika mjini, na kurudi utasukuma. Kisha urudi kuchaji, katika mwaka huu wa mgao, umeme unaokuja leo na kesho unakwenda kuwatembelea majirani. Kwa ajili ya safari ya kwenda mjini bila kurudi, mwanamke mmoja ameshonwa kwa mwanga wa tochi iliyoshikwa kwa meno.

Unasema betri zina alama kama ng'ombe. Umelileta wewe mwenyewe neno hilo, mimi nisingethubutu, mimi ni wa ng'ambo ya ziwa. Basi nijibu kwa Kisukuma chenu: mtu anayemchukua ng'ombe wa jirani mwenye maziwa, akampa jirani yule ng'ombe aliyekonda, akamchora alama ya yule wa kwanza kwa mkono wake, huko kwenu anaitwa nani? Anaitwa fundi? Unawaogopa sungusungu kwa sababu jina lake unalijua. Rangi ya kijani ulinunua, brashi ulinunua, namba ya zahanati uliiandika kwa makini isikosewe hata tarakimu. Siku moja tu nione, unasema. Mtu wa siku moja hanunui rangi.

Halafu nia njema. Utawabeba wajawazito bure! Fundi, wajawazito hao wako ng'ambo ya maji na Datsun yako iko Mkolani. Unataka watembee juu ya ziwa mpaka kwako? Walikuwa na chombo cha kuwaokoa, redio inayoita boti, na wewe umekichukua ili uwatengenezee kingine kisichoweza kuwafikia. Usiwataje tena hao wanawake katika mipango yako. Wameshakuchangia vya kutosha.

Na unasema ndoa yako haina neno. Mkeo aliyekupigia vigelegele sasa anatembea kwa miguu huku gari la mumewe likipita, na wewe unaona hakuna neno. Tereza anajua. Alijua alipouliza. Alikupa nafasi ya kusema ukweli ndani ya nyumba yako, mbele ya mtu mmoja anayekupenda, ukaikataa, na ile "haya" yake ndiyo hukumu nyepesi kuliko zote utakazopata.

Nikuambie pia kilichoniuma, ili usidhani mimi ni ulimi mtupu. Kiliniuma kiwanda chako. Najua maana ya mwanamume kuendesha mashine miaka kumi na mmoja kisha akaambiwa arudi nyumbani asubiri barua. Nimewaona wengi kama wewe, wengine wameshika chupa, wengine wamekaa tu barazani wanahesabu magari ya wenzao. Wewe ulisimama, ukafungua kibanda, ukalifanya gari lililokufa liende, na kwa mikono yako. Hilo nakuheshimu nalo, na ninasikitika kwamba ilibidi watu wa stendi wakupe jina ndipo ujisikie mtu. Lakini kuna mtu mmoja alikuwa amekupa jina kabla yao. Alikuita kaka.

Bernadetta alikaa juu ya ndoo yako akakuomba samahani. Wewe ndiye uliyemwibia, yeye ndiye aliyeomba samahani, na wewe ukaipokea. Kisha ukamfundisha! Ukamwambia aongeze maji, asiwashe taa, yaani ukamtuma arudi akawazalishe watu gizani kwa nidhamu. Nimesoma sehemu hiyo mara nne. Katika barua yote uliyoandika, wizi ni kosa na rangi ni uhuni, lakini somo lile ulilompa ndilo lililonitia hasira, na hasira hiyo bado ninayo ninapoandika.

Sasa unajua kwa nini uliniuliza mota. Ulitaka mama mwenye vyeti akujibu kuhusu mota, na katika kukujibu apitie habari ya nesi kama mtu anayepita karibu na jalala, asimame kidogo, aendelee. Halafu nikutungie na barua, isiwe uongo lakini isikuharibie. Betri huchoka zenyewe. Ni kweli. Na nyumba huungua zenyewe, kama aliyeshika kiberiti hatajwi. Barua yako ikisomwa Jumamosi, Bernadetta atarudishwa wilayani na karatasi mbaya, na kila atakakoomba kazi karatasi hiyo itamtangulia. Na zahanati itabaki na betri zako za rangi, bila mtu wa kulalamika. Huo ndio mwisho wa barua isiyo ya uongo.

Fanya hivi. Leo, si kesho, fungua betri nne kwenye gari. Pima maji yake kwa haidromita, seli moja moja, na andika unachokiona, maana sina hakika umeziacha salama, umezikamua wiki kadhaa. Zichaji polepole, umeme ukikatika ngoja, ukirudi endelea. Kama iko iliyoharibika, ya kufidia usiitafute kwa mafundi wa mabasi, uza Datsun. Ndiyo, umesikia. Uza ganda na giaboksi na stata zako mbili zilizochoka, ununue betri ya plati nene iliyo mpya. Gari utatengeneza tena siku ukiwa na betri zako, na siku hiyo niandikie, nitakujibu kuhusu mota kwa furaha na nitakuja kupanda.

Zikijaa, zivushe mwenyewe. Usimngoje nesi aje Ijumaa kubeba mizigo aliyoibiwa. Zifunge wewe, washa taa uione, ita kwa redio na uwasikie wanajibu, ndipo uzitoe zile bandia za kijani na urudi nazo. Muombe radhi nesi uso kwa uso, na usimweleze habari za folklifti, hazimhusu. Akikasirika, nyamaza. Akilia, nyamaza vile vile.

Jumamosi kaa kwenye kamati. Mzee Machibya alitaka barua, mpe, na mimi nakutungia kama ulivyotaka, ni fupi: "Betri za zahanati nilizichukua mimi kwa matumizi yangu na nikawapa mbovu nilizozipaka rangi. Nesi hakukosea lolote. Nzuri nimezirudisha." Weka jina lako chini, lile la ubatizo. Isome kwa sauti, maana watakaokuwa wamekaa pale wengine hawana miwani. Wakikutoza faini, lipa. Wakikutenga, vumilia. Wateja wengine watakukimbia, hilo sikufichi, na watoto watano watahisi. Lakini wapo watu watakaosema, yule fundi alisimama mwenyewe akasema, na hao watarudi kibandani kwako kabla ya wale watakaosikia habari hii kwa mtu mwingine. Mficha uchi hazai, wahenga walisema, na wewe umeficha wako huku wanaozaa ni wengine.

Umeniomba nilifiche jina lako, nimelificha. La nesi hukuniomba, na nimelingoja mpaka mstari wa mwisho wa barua yako sikuliona ombi hilo, kwa hiyo nimelibadili mimi mwenyewe, na la mwenyekiti pia, na ya watu wa nyumbani kwako. Barua yako nimeichapa nzima, sikupunguza. Jibu hili nimekutumia kwa mkono siku tatu kabla ya gazeti, ndiyo maana nikasema leo, si kesho. Ila kuna jambo moja siwezi kukufichia. Nimeuliza kwa wachuuzi wetu: gazeti hili linatoka Alhamisi, na nakala thelathini huvuka ghuba na kivuko cha asubuhi. Zahanati inayoleta betri zake Mkolani ni moja tu. Nesi huyo atasoma, au atasomewa, kabla ya saa sita mchana.

Kivuko ni hicho hicho, fundi. Panda nacho na betri nne, ili akifika kwenye mstari huu akinyanyua macho akuone mlangoni.